UZI: Hell or High Water na nchi ya ng'ombe ya Panhandle. Nawaandikia kutoka Amarillo, Texas

Wakuu, heshima mbele.

Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko kazini, tulibishana hadi kengele ikalia. Niko kwenye kiwanda cha nyama hapa Amarillo, kaskazini mwa Texas, eneo linaloitwa Panhandle, zamu ya usiku, mwaka wa saba sasa. Meza yetu ina watu wa Uvira, Bujumbura, Kigoma, na mimi wa Kongwa. Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja. Kijana mmoja wa Uvira alikuwa ameiangalia Hell or High Water kwenye simu, akasema ni sinema ya majambazi wawili wanaoibia benki, basi. Nikamwambia hapana bwana mdogo, ile ni sinema ya ng'ombe. Wote wakanigeukia, maana ng'ombe wenyewe mle ndani unawaona kwa muda mfupi sana. Muda wa kueleza haukutosha, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Ambaye hajaiona ajue kwamba nitautaja mwisho wake. Kama unataka kuiona kwanza, ishia hapa, utatukuta.

Ilitoka 2016. Mwongozaji ni David Mackenzie, Mskoti, na aliyeandika ni Taylor Sheridan, mtu wa Texas. Iliteuliwa kuwania Oscar nne, mojawapo ikiwa filamu bora ya mwaka. Toby na Tanner Howard (Chris Pine na Ben Foster) ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao amefariki, na ranchi ameiacha imefungwa na mkopo ule wanaopewa wazee: benki inakupa fedha ukiwa hai kwa dhamana ya mali yako, ukifa inakuja kudai chake. Deni lisipolipwa ndani ya siku chache, ardhi imekwenda. Kwa hiyo ndugu hawa wanaibia matawi ya benki ileile inayowadai, wanachukua noti za kwenye droo tu, wanazipitisha kwenye kasino Oklahoma, halafu wanaenda kuilipa benki kwa fedha yake yenyewe. Wanaofuata nyayo zao ni askari wawili wa Texas Rangers: Marcus Hamilton (Jeff Bridges), aliyebakiza kidogo astaafu, na Alberto Parker (Gil Birmingham), nusu Mkomanche (kabila la wenyeji wa asili wa huku), nusu Mmeksiko.

Hadithi inatokea Texas ya magharibi, ila kamera zilikuwa mashariki mwa New Mexico, kwenye miji ya Clovis, Portales na Tucumcari. Hilo halinisumbui hata kidogo. Uwanda wa Llano Estacado haujui mpaka wa majimbo, na kutoka hapa kwangu hadi Tucumcari kwa barabara ya I-40 ni chini ya saa mbili. Njia nzima ni nyasi fupi, upepo, vinu vya kuvutia maji, na seng'enge kulia na kushoto.

Hiyo seng'enge ishikeni vizuri, nitaihitaji huko mbele.

*

Naendelea.

Kusini ya mji huu kuna korongo linaitwa Palo Duro. Jumapili nikiwa na nafasi huwa nakwenda. Unaendesha gari kwenye uwanda mtupu, huoni dalili ya kitu chochote, mara ardhi inafunguka mbele yako: kuta nyekundu za mwamba, kijito, miti, kivuli. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya wafugaji, na siku ya kwanza niliposimama pale ukingoni niliwaza kitu kimoja tu: hili ni zizi. Mifugo ikiingia mle upepo wa baridi hauifikii, maji yapo, na kuta zimejengwa na Mungu.

Wakomanche waliliona hivyo zamani, kwa ajili ya farasi wao. Tarehe 28 Septemba 1874 jeshi la Marekani likashuka humo alfajiri, likiongozwa na Kanali Ranald Mackenzie. (Jina lake limefanana na la mwongozaji wa filamu.) Watu waliouawa siku hiyo hawakuwa wengi. Kilichofanyika ni kuchoma makazi na akiba yote ya chakula cha majira ya baridi, kisha kuswaga farasi waliotekwa hadi korongo la Tule na kuwapiga risasi. Zaidi ya farasi 1,000. Mfugaji yeyote anaelewa maana ya hapo. Ukimwachia mtu wa mifugo roho yake ukamwulia mifugo, umemwachia nini? Juni 1875, Quanah Parker, kiongozi wa kundi la mwisho lililokuwa halijasalimu amri, akawapeleka watu wake kwenye ngome ya jeshi ya Fort Sill, Oklahoma ya leo.

Na tarehe 24 Novemba ya mwaka uleule wa 1874, mkulima mmoja wa Illinois, Joseph Glidden, akapewa hataza ya waya wa miiba. Nilipozisoma tarehe hizi mbili kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu kwanza. Kati ya kuuawa kwa farasi na kuzaliwa kwa seng'enge ni miezi miwili. Baadaye Glidden huyohuyo alikuwa na ranchi hapahapa jirani na Amarillo, iliyozungushiwa waya wake, ili wafugaji waone kwamba unaweza kumzuia ng'ombe.

Mwaka 1876 akaja Charles Goodnight na ng'ombe 1,600, akawashusha Palo Duro. Mwenye mtaji alikuwa John Adair, mwenye mashamba wa Ireland, na chapa ya ranchi ikawa JA, herufi za jina lake. Huyu Adair, mwaka 1861, aliwafukuza watu 244 kwenye ardhi yake kule Derryveagh, Donegal. Familia nzima nzima, nje, milango ikabomolewa. Miaka kumi na tano tu imepita, fedha yake inanunua malisho ambayo watu wengine wametoka kufukuzwa. Kufika 1885 JA ilikuwa na ekari zaidi ya milioni 1.3 na ng'ombe 100,000.

Sasa rudini kwenye filamu. Kuna mahali askari wale wawili wamekaa kwenye kimji kilichokufa, wanaitazama benki ng'ambo ya barabara wakisubiri wezi. Alberto anaongea taratibu. Anasema miaka mia moja na hamsini iliyopita yote hii ilikuwa ya wazee wake, mpaka mababu wa hawa waliopo wakaichukua, na sasa nao wananyang'anywa, tofauti ni kwamba safari hii halikuja jeshi. Anaelekeza kidole kwenye benki.

Mwandishi amempa mtu huyo jina la Parker. Kwa mtu wa huku huwezi kutamka Mkomanche na Parker katika pumzi moja bila kumkumbuka Quanah. Mimi sidhani jina lile lilikuja lenyewe.

*

Mkuu wa hapo juu ameuliza kama makauboi weusi walikuwepo kweli au ni mambo ya filamu za siku hizi.

Walikuwepo, na wengi. Makadirio yanayotajwa sana ni mmoja kati ya wanne baada ya vita vya kukomesha utumwa. Kwenye historia ya Goodnight huyohuyo yumo Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa Mississippi, akaletwa Texas, na baada ya kuwa huru akaswaga ng'ombe wa Goodnight na mshirika wake Oliver Loving kwenye njia ndefu ya kwenda New Mexico na Colorado. Goodnight alisema alimwamini kuliko mtu yeyote aliye hai. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba fedha za safari, kwa sababu hakuna mnyang'anyi ambaye angefikiri kumpekua mtu mweusi. Alifariki 1929 na Goodnight akamwekea jiwe la kaburi huko Weatherford, kwa gharama yake.

Na kabla ya hao wote walikuwepo Wameksiko. Maneno yanasema yenyewe: ranchi ni rancho, rodeo ni neno lao, kamba ya kunasia ng'ombe ilikuwa la reata kabla haijaitwa lariat. Waingereza na Wamarekani waliikuta kazi hii ikiwa na majina tayari. Sisi wenyewe huko nyumbani tukisema "ranchi ya taifa" tunatumia neno la wachungaji wa Meksiko.

Hapa nina lawama kwa filamu. Mmeksiko na Mkomanche wamewekwa ndani ya mtu mmoja, Alberto, ambaye karibu safari nzima kazi yake ni kuvumilia utani wa Hamilton kuhusu asili yake. Mtu mweusi wa ng'ombe hayumo kabisa. Filamu iliyochimba ardhi kwa kina kiasi hiki ingeweza kumpa nafasi. Naipenda sana, ila hilo linanikaa.

*

Haya, tuje kwenye tukio lenyewe la ng'ombe, lile nililomwambia kijana wa Uvira.

Hamilton na Parker wako barabarani, wanasimamishwa na kundi la ng'ombe linalokatiza lami. Wachungaji wako juu ya farasi, wamechafuka, moshi mzito nyuma yao. Nyasi zinaungua na wanaswaga mifugo yao kuelekea mtoni. Mmoja anasema kwa uchungu kwamba karne ya ishirini na moja imefika na yeye bado anakimbizana na moto akiwa na ng'ombe, halafu anajiuliza kwa nini watoto wake hawataki kazi hii. Hamilton anajua kwamba hakuna msaada wa kuwaitia. Wako peke yao.

Wengi wanalipita tukio hili kwa sababu halisogezi hadithi ya wizi. Ukilikata, wizi unabaki palepale. Lakini kwangu ndilo linaloeleza kwa nini ranchi ya akina Howard imefilisika bila kuwa na mvivu wala mlevi ndani yake.

Tarehe 26 Februari 2024 nililikumbuka tukio hili. Siku hiyo, karibu na Stinnett, kaskazini mashariki ya hapa, ulianza moto ulioitwa Smokehouse Creek. Upepo ulikuwa wa kumwangusha mtu. Nilitoka zamu nikakuta anga ina rangi ya kutu na harufu ya majani yaliyoungua inaingia hadi ndani ya gari. Ulipodhibitiwa ulikuwa umekula zaidi ya ekari milioni 1, mkubwa kuliko wote katika historia ya Texas. Uchunguzi wa jimbo ulisema chanzo ni nyaya za umeme. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na wengine waliopona walikuwa wameungua kwato na viwele, ikabidi wapigwe risasi na wenyewe. Mzee mmoja Mmarekani tunayesali naye, mfugaji, alisimulia kanisani jinsi alivyowakuta wake wamebanana kwenye kona ya seng'enge. Walikuwa wamekimbia na upepo hadi waya ukawasimamisha. Alikuwa na mkasi wa kukatia waya mkononi, na alichelewa kwa dakika.

Mzee yule alisimulia bila kulia. Mimi nililia.

Baadaye niligundua kwamba si mara ya kwanza. Miaka ya 1880 wenye ranchi wa Panhandle walijenga uzio mmoja mrefu kutoka Oklahoma ya leo hadi New Mexico, ili ng'ombe wa kaskazini wasishuke kula malisho yao. Ikaja baridi kali ya 1886. Ng'ombe kwa maumbile yake akipigwa na dhoruba anaigeuzia mgongo na kutembea nayo. Wakatembea kusini hadi kwenye waya, wakasimama, waliokuwa nyuma wakawapanda waliokuwa mbele, wakafa kwa malundo. Waliokuja kuchuna ngozi walifuata mstari wa uzio tu.

Mara zote mbili ng'ombe hakuuawa na moto au theluji peke yake. Waya ulikuwepo.

*

Mdau ameandika kwamba mwisho ni wa "kubahatisha": mafuta yanagunduliwa chini ya ranchi, matatizo yote yameisha, mwandishi amejitafutia njia rahisi.

Mkuu, nakuelewa, ila hapo hauko sahihi, na ningependa unisikilize kwa sababu hapa ndipo penye urithi wenyewe.

Kwanza, hayo mafuta hayapatikani mwishoni. Ndiyo sababu ya wizi tangu mwanzo. Toby anajua kilicho chini, na tunaona benki ingefurahi kuipata ardhi hiyo kwa deni dogo. Pili, nenda kaangalie ranchi kubwa za huku zilizodumu. Ranchi ya 6666, ya Samuel Burk Burnett, ilianza miaka ya 1870. Burnett alikuwa rafiki wa Quanah Parker, na kwa miaka mingi alikodi malisho ya Wakomanche huko Oklahoma. Mwaka 1921 kisima cha kwanza cha mafuta cha Panhandle kilichimbwa kwenye ardhi yake, kaunti ya Carson, si mbali na ninapolala. Inasimuliwa pia kwamba jirani yake, Waggoner, alikuwa akichimba kisima cha maji, yakatoka mafuta, akakasirika kwa sababu ng'ombe hawanywi mafuta. Hawa ndio majina tunayoyaita urithi wa ufugaji. Urithi ule ulisimama kwa miguu miwili, mmoja ukiwa ng'ombe na mwingine pampu. Aliyekuwa na mguu mmoja alianguka, na jina lake halijaandikwa kwenye bango lolote la barabarani.

Kwa nini ng'ombe peke yake hatoshi? Hili nalijua kwa mikono yangu. Kampuni nne kubwa ndizo zinazochinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchi hii. Mfugaji mdogo anauza ndama mnadani, ndama anakwenda kwenye kambi za kunenepesha kama zile za Hereford hapa jirani, kisha anakuja kwetu. Kila anapopita mtu anachukua chake, na anayeamua bei si yule aliyeamka usiku kumzalisha mtamba kwenye theluji. Januari 2024 idadi ya ng'ombe wa Marekani ilikuwa milioni 87.2, ndogo kuliko miaka yote tangu 1951. Nyama dukani ni ghali, wafugaji wanapungua, na mimi nasimama na kisu katikati ya hayo mawili usiku kucha.

Kwa hiyo Toby anafanya nini? Anaiweka ranchi kwenye mfuko wa amana kwa jina la wanawe wawili, na anaipa benki ileile aliyoiibia kazi ya kuusimamia. Benki sasa ina faida kwenye mafuta hayo, haina hamu ya kusaidia uchunguzi. Mapato ya mwezi mmoja tu ya visima vile yanashinda kila noti iliyoibwa. Tanner amekufa. Alberto amekufa, amepigwa risasi na Tanner kutoka kilimani, yeye Mkomanche, kwenye ardhi ya wazee wake, kwa ajili ya hati ambayo hata siku moja haikuwa na jina lake. Ukisema mwisho huo ni mwepesi, mtazame Hamilton pale anapocheka kwa kumpata aliyemwua mwenzake, na kicheko kinageuka kilio kabla hakijaisha.

*

Jibu kwa dada wa Narok, aliyeuliza kama Sheridan mwenyewe anajua chochote kuhusu ng'ombe au ni mtu wa studio.

Amekulia Texas kwenye ranchi, eneo la Cranfills Gap. Na 6666 niliyoitaja juu, mmiliki wa ukoo wa Burnett alipofariki 2020 ranchi iliuzwa kwa mujibu wa wosia wake, ekari 266,000, na kundi la wanunuzi lililoongozwa na Sheridan ndilo lililoichukua. Mtu aliyeandika kuhusu kupoteza ranchi kwa benki sasa anasimamia mojawapo ya ranchi mashuhuri kuliko zote, kwa nguvu ya fedha za televisheni. Naona ni mguu wa pili ule ule. Zamani ulikuwa mafuta, safari hii ni kamera. Kazi za farasi na chapa bado zinafanyika pale, na vijana wa huku bado wanaajiriwa kuzifanya, jambo ambalo naliheshimu.

Umeuliza pia kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Dada yangu, mimi ni Mgogo wa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walifika kwetu na matrekta kulima karanga, wakang'oa pori, na kufika 1951 mradi umekufa. Ardhi iliyobaki ndiyo ikawa ranchi. Babu yangu alikuwa akinionyesha kwa fimbo: pale tulikuwa tunanyweshea, pale palikuwa na mbuyu wa kupumzikia, kule tulihamia mwaka wa njaa. Fimbo ilikuwa inapita juu ya seng'enge. Hakuwahi kusema neno baya kuhusu ranchi, na wajomba zangu wawili waliajiriwa humo kuogesha ng'ombe kwenye josho. Alikuwa ananionyesha tu, kila mara kwa mpangilio uleule, ili nisisahau.

Alberto alipoinyooshea benki kidole nilimwona babu.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama wale watoto wawili wa Toby watafuga: filamu haijibu. Mkubwa wao ana tukio moja na baba yake, wamekaa nje, na baba anamsihi asifuate njia yake. Ardhi watakuwa nayo. Mafuta watakuwa nayo. Nyumba ya bibi yao inakarabatiwa. Ila sikuona mahali popote mtoto akifundishwa kufunga kamba, kutandika farasi, au kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa masikio yake. Toby ameokoa ardhi, hakupata muda wa kuwarithisha kazi.

*

Taarifa ya mwisho kwa leo, maana zamu inaanza saa tano.

Yule kijana wa Uvira ameusoma uzi huu wote. Jana usiku, tukiwa mezani, aliniambia baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na wanane milimani kabla ya vita, na kila mmoja alikuwa na jina. Akaanza kuyataja. Alipofika la kumi na moja akasita, akafikiri sana, akalipata, akaendelea. Hakuna aliyemkatiza, hata kengele ilipolia.

Jumapili nampeleka Palo Duro. Amesema anataka kusimama pale ukingoni kwanza, kabla hatujashuka.